Kwetu Tunaelekeza kwa Midomo

Nianze na hasira, maana nikianza na utani nitasahau nilichokuja kusema.

Mdogo wangu hana kiburi. Narudia kwa waliokaa nyuma: hana kiburi. Nimeambiwa ana kiburi na watu wa kila aina, wenye chaki na wenye fimbo, wenye rozari shingoni na wenye kata ya pombe mkononi, mpaka nikaanza kudhani kiburi ni mafua, yameingia kijiji chetu chote cha Mogitu, na wote wanamsingizia yeye kuwa ndiye aliyeyaleta.

Mimi kazi yangu ni kupiga kelele. Nauza mitumba minadani, Katesh na kwingineko. Napanda juu ya meza na spika yangu, miguu imezama kwenye nguo, naita watu. Shule niliishia la saba, na hiyo la saba yenyewe nusu nilikuwa nje nimepiga magoti kwa kosa la kuchekesha wenzangu. Lakini macho ya watu nayajua. Mama anapita na mzigo kichwani, hana mpango wa kununua hata kifungo, namwambia, "Mama, hili koti lilikuwa la mzungu mnene, tangu aliuze amekonda kwa mawazo!" Lazima ageuke. Mzee wa Kibarabaig kasimama na shuka yake begani, uso mgumu, hataki mchezo na mtu. Namvisha kofia ya sufu yenye masikio ya sungura, nampa kioo. Anajiangalia, anaangalia wenzake, anapasuka kicheko. Nikishika macho, nimeshika mteja.

Sasa ajabu yake, mtu pekee ambaye sijawahi kumshika macho ni mdogo wangu wa mwisho, binti wa darasa la kwanza, analala chumba cha pili kutoka kwangu. Nikikunja uso, nikitoa ulimi, nikijifanya mbuzi mwenye kikohozi, yeye anaangalia kifungo cha shati langu. Kifungo kimoja tu, kile kilichoshonwa kwa uzi mwekundu wakati vingine vina uzi mweupe. Siku niliposhona upya kwa uzi mweupe alilia mpaka mama akanivua shati na kurudisha uzi mwekundu. Akanyamaza. Akaendelea kukiangalia, roho yake imetulia.

Huku kwetu salamu si kitu cha mzaha. Mtoto akikutana na mkubwa, shikamoo inatoka kabla pumzi haijatoka. Mdogo wangu yeye anapita tu. Hakukwepi, hakununii, anapita kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni na anaogopa yasimwagike. Watu wanasimama njiani wanamsindikiza kwa macho. "Huyu amelelewa na nani?" Amelelewa na mama yuleyule aliyenilea mimi, na mimi nasalimia hadi punda wa wazee!

Nyumbani mwenye sauti ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Alikuwa anakaa Jorodom. Tope liliposhuka kutoka mlimani likaondoka na nyumba yake, akaja kwetu na sufuria moja na adabu zake zote, hata moja haikusombwa. Baba yuko Mererani machimboni, anapiga simu mtandao ukijisikia, na ukimwuliza jambo lolote anajibu, "Mwulizeni dada, yeye ndiye mkubwa hapo." Mama ni mtu wa Nambis, kule juu kwenye baridi, hajazoea kubishana, na wifi yake hampi nafasi ya kuzoea. Kwa hiyo shangazi ndiye serikali.

Asubuhi moja serikali ikamsimamisha mdogo wangu mlangoni. "Wewe! Shikamoo iko wapi?"

Mtoto akaangalia chini. Akaangalia nyuma ya mlango. Akainua ndoo akaangalia na huko.

"Anaitafuta," nikasema.

Nilipigwa mimi.

Halafu kila mtu na maelezo yake. Wa kwanza wakasema ni tope, ati mlima ulimtisha ndiyo maana haongei na watu. Tope lenyewe halikufika hata kwenye choo chetu! Na mtoto alikuwa hivyo tangu ananyonya, mama anamwimbia, yeye anaangalia taa ya sola. Wengine wakasema ni kiziwi, na hilo ndilo lililoshika. Majirani wakaanza kumpigia kelele sikioni. Mtoto ambaye kelele zinamuumiza! Anaziba masikio kwa viganja, wao wanaambiana, "Umeona? Masikio yanamsumbua." Wanaongeza sauti.

Siku ile mwalimu mkuu alipotuma ujumbe, shangazi alikuwa ameshaamua kabla hajamaliza kuusikia. Mwalimu alisema mtoto hasikii, hafuati maagizo, aletwe na wakubwa wake wazungumze. Shangazi akasema kuna mazungumzo gani, shule imeshindwa. Atapelekwa bondeni kwa binamu yetu mmoja, ana mbuzi na ana mapacha wachanga, anahitaji mtu wa kumsaidia.

"Mbuzi hawadai shikamoo," akasema.

"Na mapacha wanalia mchana kutwa," nikasema. "Kelele zile atazikimbilia wapi?"

"Atazoea."

Mama akaendelea kuchambua maharage. Nikamwona anatupa mazima na kubakiza mabovu.

Nilichokasirikia zaidi ni kwamba mtoto mwenyewe shule anaipenda. Mimi niliipenda shule siku ya kufunga tu. Yeye anaamka jogoo bado amelala, anavaa sweta, anakaa kizingitini na mkoba mapajani. Majivu ya jikoni yote yana herufi. Ukimkanyagia herufi yake anairudia palepale, hasemi neno. Huyu ndiye unamwondoa shule umpeleke kwa mbuzi?

Nilikuja kuelewa kwa sababu ya chujio.

Shangazi alikuwa anasonga ugali, mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine umeshika sufuria. Mimi nilikuwa naingia na furushi la nguo. Akamwambia mdogo wangu, "Niletee chujio, pale." Na akaelekeza. Sasa kwa mgeni niseme jinsi tunavyoelekeza. Kidole kumnyooshea mtu ni matusi, na mikono ya watu wa huku haikai bure, ina jembe, ina mtoto, ina ndama. Kwa hiyo tunatumia mdomo. Unachomoza midomo kama unapuliza moto, unaitupa upande ule, kidevu kinafuata. Mgeni akiuliza njia halafu asituangalie usoni, atalala porini.

Shangazi akatupa midomo ukutani. Mtoto kasimama.

"Pale!" Midomo tena.

Mtoto kasimama, anaangalia mvuke wa ugali.

Mwiko ukampata begani, wa moto ule. Hakulia. Alijishika bega akaendelea kuangalia mvuke, na mimi ikanijia kwanza hasira, halafu akili. Maana ili ujue *pale* ni wapi lazima uangalie mdomo wa mtu. Na huyu haangalii midomo. Tangu azaliwe tumekuwa tukimwambia pale, kule, yule, hiki, na maana yote tunaiweka usoni, mahali ambapo yeye hafiki. Tunaficha kitu halafu tunampiga kwa kutokiona!

Nikatupa furushi, nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya ukuta wa jiko nisionekane. Nikasema kwa sauti ya kawaida, bila utani, na kwangu hilo ni jambo gumu: "Chujio liko kwenye msumari, nyuma ya mlango."

Halafu nikamsikia shangazi, "Mungu wangu."

Niliporudi ndani chujio lilikuwa mkononi mwa mtoto na mwiko wa shangazi umebaki hewani.

Nina mteja mmoja nesi, ananunuaga masweta ya watoto. Nikamhadithia wakati namfungia mzigo. Ndiye aliyenipa neno usonji. Akasema yeye hawezi kuthibitisha kwa kusikia hadithi ya muuza mitumba, mtoto apelekwe hospitali kubwa aonwe na wanaojua. Ila watoto wengine wa namna hiyo, akasema, wanashindwa kukuangalia na kukusikia kwa wakati mmoja. Akikuangalia usoni maneno yanapotea, akitaka kukusikia lazima aangalie kwingine. Na akili yake ikishika kitu inashika kwa mikono miwili, kumwachisha si mchezo.

"Dawa yake?" nikauliza.

"Si malaria hiyo. Jifunzeni kuongea naye."

Jumatatu tukaenda shuleni, mimi, shangazi na mtoto. Nilijiona wakili. Nilivaa koti.

Mwalimu mkuu alikuwa ofisini, kikombe cha chai mkono huu, kiazi cha kuchemsha mkono ule. Nikamwamkia, naye akamwamkia shangazi. Mtoto alikuwa anaangalia kopo la chaki dirishani.

"Mnaona?" mwalimu akasema. "Hata salamu hamna. Sasa angalieni." Akamgeukia. "We binti, nipe ile." Midomo ikaruka dirishani.

Mtoto hakusogea.

"Umeona, mama?" akamwambia shangazi. "Watoto wamejaa darasani hadi mlangoni, mwalimu wake afanyeje?"

"Mwalimu," nikasema, "umesema kwa midomo. Haoni midomo huyu."

"Kila mtu hapa anaelekeza kwa midomo. Hata wewe umeingia ukamwonyesha shangazi yako kiti kwa midomo."

Kweli, nilifanya hivyo. "Basi mpe mgongo," nikasema. "Angalia ukuta, halafu sema kitu chenyewe na mahali kilipo."

Chai ikasimama njiani. "Mimi? Nimpe mgongo mtoto?"

"Mbona ukiandika ubaoni unawapa mgongo wote?"

Shangazi akanifinya kiunoni, kufinya kwa kuzungusha. Lakini mwalimu, sijui kwa ubishi au kwa kutaka nishindwe upesi, akageuka kweli, akaiambia ramani ya Tanzania iliyokuwa ukutani: "Chukua kopo la chaki dirishani, weka mezani."

Mtoto akaenda. Akachukua. Akaweka. Sikuwahi kushangilia mpira kama nilivyoshangilia lile kopo. Halafu akamwaga chaki mezani akaanza kuzipanga, ndefu huku, fupi kule, katikati za kati.

"Inatosha," mwalimu akasema. Anapanga. "Acha sasa!" Anapanga. Mwalimu akanyoosha mkono kulichukua kopo, mtoto akalishika asiliachie.

Mwalimu akakaa. Nilitegemea aseme, "Kumbe ndivyo." Na alisema.

"Kumbe anasikia," akasema. "Anasikia vizuri kabisa. Basi ni kiburi."

Wajua, nilikuwa nimekwenda kumtoa mtu kifungoni, nimemwongezea kesi! Alipokuwa kiziwi walikuwa wanamwonea huruma, hata kama ni huruma ya kupiga kelele. Sasa nimewathibitishia kwamba anasikia, basi kila shikamoo aliyoikosa tangu azaliwe imekuwa dharau. Mwalimu akasema atampa hadi mwisho wa mwezi. Mwalimu akiingia darasani na watoto wote wakasimama kumwamkia, na huyu asimame. Asiposimama, fimbo. Mwezi ukiisha hajabadilika, aondoke.

Njiani shangazi alitutangulia kwa haraka, na karibu na nyumbani akageuka. Alipofungua mdomo ilikuwa mbaya zaidi. "Kwa hiyo siku zote alikuwa ananisikia. Ananisikia, ananiacha na salamu yangu."

"Shangazi, si hivyo."

"Sisubiri mwisho wa mwezi. Mnada ukifika nanunua shuka, bondeni usiku kuna baridi. Nitampeleka mwenyewe."

Siku zile za kungoja mnada mtoto alirudi na alama za fimbo miguuni. Kila asubuhi bado alikaa kizingitini na mkoba. Mama alimpaka mafuta, na jioni moja akaniambia polepole, mgongo kanigeuzia, "Wewe si una mdomo? Ufanyie kazi."

Mnada ukafika. Kulia kwangu yuko jamaa wa dawa za wadudu, ana spika yenye sauti iliyorekodiwa, inazunguka tangu asubuhi: panya, mende, kunguni, viroboto! Kushoto kuna muuza nyimbo za kwaya, ana spika kubwa kuliko kanisa. Katikati nipo mimi. Na mbele yangu kidogo, kwa muuza mashuka, shangazi kainama, anaivuta shuka nyekundu pande zote kuona kama imefumwa sawasawa. Shuka ya kumpeleka mtoto bondeni. Sikuweza hata kuita wateja.

Ndipo nikamwona mwalimu mkuu anakuja, shati limechomekewa, anatafuta viatu. Akamwona shangazi. Mtu mzima, mwenye adabu, akasimama mbele yake, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Shangazi anavuta shuka. Kunguni, viroboto! Haleluya!

"Shikamoo, mama!"

Shangazi akaigeuza shuka upande wa pili, akaipeleka karibu na macho. Akina mama wawili waliokuwa wanachagua blanketi wakaangaliana. Mwalimu mkuu mzima amebaki na shikamoo yake mkononi, hajui aiweke wapi.

Nami nilikuwa na spika mdomoni.

"Mwalimu!" nikasema, na mnada wote ukasikia. "Huyo mama anasikia vizuri kabisa! Basi ni kiburi! Fimbo iko wapi?"

Watu wakapasuka kicheko. Jamaa wa dawa akazima kunguni wake ili asikie vizuri. Shangazi akanyanyuka taratibu. Neno kiburi lilikuwa limemfikia.

"Nani ana kiburi?"

"Wewe, shangazi. Mwalimu amekuamkia ukamwacha, akarudia ukamwacha."

"Uongo! Mwalimu, uliniamkia?"

"Nilikuamkia, mama," mwalimu akasema, anaangalia viatu vyake mwenyewe.

"Jamani, mwanangu! Nisamehe, hizi kelele, na macho yangu yalikuwa kwenye shuka. Marahaba, marahaba."

"Mchape, mwalimu," nikasema.

"We mtoto, utanitambua!"

Nikashuka mezani. Nikazima spika, maana utani uliniishia. "Shangazi, umesimama hapa muda mfupi tu. Macho yako yalikuwa kwenye shuka, salamu haikuingia. Hukumdharau mtu. Sasa yule mtoto amezaliwa hapa ulipo. Analala hapa, anasoma hapa, spika zake hazizimwi na mtu. Kila sura ya mtu kwake ni kelele za panya na kunguni. Na hiyo shuka ni ya kumfukuza nyumbani kwa kosa ulilolifanya wewe sasa hivi mbele ya watu wote hawa."

Mwalimu akasema, "Hukutakiwa kuniaibisha kwenye spika."

"Kweli, mwalimu, nisamehe. Na yeye unamwaibisha mbele ya darasa lake kila asubuhi. Nani amemwomba msamaha?"

Sitaki kudanganya kwamba mwalimu alilainika, alikuwa amekasirika mpaka masikio. Aliyeongea ni shangazi, ile shuka kaikumbatia kifuani.

"Mwalimu, mtoto atakuja kesho kama kawaida."

"Mama, darasa limejaa."

"Nimesikia limejaa. Mweke mbele, pembeni, asilazimike kukuangalia. Kitu ukikitaka, kitaje jina na mahali kilipo. Fimbo iache. Nimesema mimi, mwenye umri wa mama yako, na wote hawa wamesikia."

"Tutajaribu, mama."

"Nakuja kuangalia mnavyojaribu."

Akamlipa muuza shuka. Nilidhani ameghairi kununua, lakini shangazi akishika kitu sokoni harudishi.

Mwisho wa mwezi ulipita mtoto yuko darasani, mbele, pembeni. Msiniulize kama nimefurahi. Bado nina hasira, maana ilihitajika mzee mzima aaibike mnadani ndipo mtoto aachwe akae kwenye dawati lake. Wasio na shangazi mkali inakuwaje? Wasio na kaka mwenye spika? Na siku asipokuwepo mwalimu anayekumbuka, miguu bado inarudi na alama, na shangazi bado anajifunga kanga kiunoni na kwenda.

Shuka nyekundu mdogo wangu aliichukua yeye mwenyewe. Jioni anajifunika nayo yote, kichwa na miguu, anakaa karibu na jiko kama gunia. Mwanzo tulimfunua. Halafu tukagundua kwamba akiwa ndani ya shuka anasikia kila kitu, na kesho yake anarudia maneno yetu moja baada ya jingine, hata yale ambayo tungependa yapotee.

Juzi alikuja jirani, mmoja wa wale wa kumpigia kelele sikioni. Akakaa, akapewa chai, akaanza habari za ng'ombe wake, za mkwe wake, za ng'ombe tena. Katikati ya mkwe nikasikia kutoka ndani ya shuka, sauti ndogo, bila haraka: "Shikamoo."

Jirani hakupunguza hata mwendo. Alimaliza mkwe, akamaliza ng'ombe, akanywa chai, ndipo akalitazama lile gunia jekundu. Akachomoza midomo kuelekea kwake.

"Na huyu bado tu hasalimii?"

Shangazi alikuwa anasonga ugali, hakuinua kichwa.

"Amesalimia," akasema. "Ulikuwa unaongea."